Laptopu ya bei rahisi: ulizia diski kabla hujaulizia bei

"Dada, kompyuta mpya kabisa, inasema imejaa, na mwanangu hajaweka kitu." Ujumbe wa namna hii hunijia kila wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaporipoti vyuoni, na mimi huuliza swali moja tu: diski yake gigabaiti ngapi? Sitini na nne. Basi, hapo hakuna la kufanya. Fundi yeyote wa Darajani, hapa Unguja, ataifungua, ataitazama, ataifunga, na atakwambia hivyo hivyo.

Laptopu nyingi mpya za bei ya chini, zile za Celeron (prosesa ya Intel ya daraja la chini; prosesa ndiyo ubongo wa mashine) zenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya 4GB, hazina diski ya kuchomoa. Zina chipu ya eMMC, aina ya hifadhi iliyomo kwenye simu za bei nafuu, nayo imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya 64GB, utabaki na 64GB mpaka mashine ife. Tena hata hizo 64 huzioni, maana Windows huhesabu kwa hesabu yake na kukuonyesha kama 58. Microsoft wenyewe wameweka 64GB kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11. Windows ikishakaa na vikorokoro vyake, karibu nusu ya nafasi imekwenda. Likija sasisho kubwa, nalo linataka nafasi ya kujipanulia, mtoto anaanza kufuta: kwanza video, halafu picha za harusi ya dada yake, mwisho kazi za chuo.

Halafu chipu hizi huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa. Diski ya SSD, ile ya kuchomoa, ikifa, unanunua nyingine, fundi anafungua skrubu chache, unaondoka. eMMC ikifa, unatafutiwa bodi nzima. Ulizia bei ya bodi siku moja, uone kama utairudisha ile laptopu nyumbani.

Dukani hili halitajwi. Utasifiwa rangi, wepesi, na begi la bure. Wengine hubandika "1TB" kwa herufi kubwa, na ukisoma maandishi madogo unakuta ni nafasi ya kuhifadhi mtandaoni kwa mwaka mmoja. Mtandaoni, kwa mtu anayenunua bando la siku!

Kwa hiyo wenye kati ya laki tano na laki nane wakiniuliza, jibu langu ni moja: nunua iliyotumika ofisini, inayofunguka. Najua kuna wanaoona haya kununua mtumba. Lakini mashine hizi zilinunuliwa na makampuni kwa pesa nyingi, zikatumika miaka mitatu minne, zikauzwa kwa jumla, zikapitia Dubai au Uingereza mpaka zikafika madukani Mlandege, hapa mjini. Zimetengenezwa kwa mtu anayefanya kazi siku nzima, si kwa kupambia kabati la duka.

Ya kwanza kwangu, na wasomaji wa zamani washajua ninakokwenda, ni Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ndiyo, nina upendeleo, na sioni haya. ThinkPad zilianza IBM mwaka 1992, Lenovo wakazichukua 2005, na kibodi yake bado haina mpinzani. Diski inachomoka. RAM ina nafasi mbili. Chini ya kibodi kuna vijitundu vya kutolea maji, chai ikimwagika. Ila ninachokipenda zaidi ni betri: ziko mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma unaitoa kwa vidole na kutia nyingine bila kuzima mashine. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa faida yake.

Ina aibu zake pia. Baadhi zina kioo cha nukta 1366 kwa 768 kilichofifia, kwa hiyo dai cha 1920 kwa 1080. Na tundu la USB-C, la kuchajia, liliwahi kusumbuliwa na hitilafu ya programu ya ndani. Lenovo walitoa sasisho, mwambie fundi alipakie kabla hujaondoka.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G5. Ina umbo zuri, diski na RAM vinabadilika, ila betri iko ndani na inataka bisibisi. Ya tatu Dell Latitude 5490, ambayo haina kosa ila mimi siipendi tu. Chromebook (laptopu ya mfumo wa Google) iliyotumika: angalia tarehe ya mwisho ya masasisho ya modeli hiyo, usije ukanunua iliyokwishaachwa. Na kama lazima iwe mpya na lazima iwe rahisi, basi angalau iwe na SSD ya kuchomoa.

Sasa wauzaji. "Hii i7, dada." i7 ni daraja la juu la prosesa za Intel, sawa, lakini ya lini? i7 ya kizazi cha tatu ni ya 2012! Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa. Kwenye i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Stika usiisome, stika hubandikwa. Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu za Intel zinazokubaliwa na Windows 11, karibu zote, zinaanzia kizazi cha nane. ThinkPad T470 na EliteBook 840 G4 ni za kabla ya hapo, na ndizo utakazopigiwa kelele kuwa "mzigo mpya umeingia, bei ya kutupa."

Za Ujerumani ziangalie kibodi: Z na Y zimebadilishana mahali, utaandika Yanyibar mpaka uchoke. Betri nayo ina kipimo chake: fungua cmd, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti itakayotoka, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki leo. Muuzaji akikwambia huna haja ya kuangalia, angalia mara mbili.

Walio Pemba nawaonea huruma zaidi. Mashine ile ile ikifika Chake Chake inaongezwa nauli ya boti, na ikiharibika inarudishwa Unguja kwa nauli yako wewe, huku risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairejeshwi". Hiyo waranti ya mdomo haivuki bahari. Taka risiti yenye namba kamili ya prosesa, ukubwa wa RAM, aina ya diski na siku za waranti, kwa mkono wa muuzaji na muhuri wa duka, kabla hujatoa hata shilingi.