Kompyuta ya mapokezi ilimpa mama yangu kijani

Nyota moja, na hiyo moja nimeweka kwa sababu sifuri haikubali. Jina la hospitali silitaji, waliopita pale Dar wataijua kwa ile kompyuta ya akili mnemba ya mapokezi inayoongea Kiswahili na kukupangia rangi kabla hujamwona daktari.

Mama ana pumu ya miaka mingi, usiku ule ikambana mpaka mabega yanapanda na kushuka, ukimwangalia shingoni ngozi inazama kila akivuta hewa. Tukakalishwa mbele ya kioo, sauti ikauliza, "Mama, unajisikiaje?" Sasa mama ni mtu wa Tanga, hata awe taabani ukimuuliza hali atashukuru kwanza, akajibu kwa kukatakata, "Sijambo mwanangu... namshukuru Mungu." Kompyuta ikaandika hali nzuri. Ikauliza kama anapumua kwa shida, akasema kidogo tu. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kikasoma 94, karatasi ikatoka, KIJANI, subiri. Jamani, nani hajui kwamba wazee wetu hawasemi wanaumwa mpaka uwabane?

Ila kilichonichoma ni nesi. Nikamwambia dada naomba mwangalie mama, hata uso hakuinua, "Dada, mfumo umeshasema kijani, wenye nyekundu wanatangulia." Nikamwambia basi mtupie jicho tu. "Mimi siwezi kubadilisha mfumo." Na mama yuko palepale upande wa pili wa kaunta, anakoroma kifua mpaka watu wa kwenye benchi wamegeuka.

Na hizi rangi hazikuanza na kompyuta, ule utaratibu wa Afrika Kusini wa nyekundu, chungwa, njano na kijani una kuhesabu pumzi ndani yake, tena mhudumu mwenye uzoefu anaruhusiwa kupandisha rangi akiona mgonjwa hayuko sawa. Kuhesabu pumzi kunataka saa ya mkononi na dakika moja tu, nilihesabu mwenyewe nikapata 32, nyingi mno. Halafu hicho kifaa cha kidoleni, mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba kwa wagonjwa weusi kinashindwa kuona oksijeni iliyoshuka karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mama yangu ni mweusi tii, na nyie mnaiamini 94 kuliko macho yenu?

Daktari mmoja kijana alikuwa anapita tu, akasimama, "Shikamoo bibi," akamwangalia shingo, hapohapo akaita oksijeni na nebulaiza, ile mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, mama akaingizwa ndani mbio.

Sasa niseme haki. Wodini kuna mashine nyingine ya mfumo huohuo inayofuatilia wagonjwa usiku kucha, oksijeni iliposhuka tena alfajiri yenyewe ndo ilipiga alamu, mimi usingizi umenichukua, nesi wa zamu akaja anakimbia. Ile ilimuokoa mama, sina ubishi, na nilishaandika nyota tatu kwa roho safi kabisa.

Halafu bili ikaja, ndani yake kuna ada ya tathmini ya mfumo. Yaani nilipie ile kijani! Nikazifuta mbili. Pale mapokezi hakuna hata kitufe kimoja cha kuiambia kompyuta umekosea, niitie mtu, na yule dada labda naye anaogopa kukatwa mshahara akibishana na mfumo, nikifikiria hivo namwonea huruma, alafu nakumbuka hakuinua uso na hasira zinarudi zote. Meneja kanipigia, ameongea kwa upole sana, ada kaifuta, kuhusu kitufe anasema watalifanyia kazi.

Moja inabaki mpaka kitufe kiwepo. Mkilazimika kwenda na mzee pale msimwache ajibu peke yake, semeni nyie, semeni anashindwa kupumua.