TAHADHARI: Ukikodi pikipiki ugenini, usimwachie mtu pasipoti yako

Ndugu zangu mnaoishi nje na mnaojiandaa kwenda, naomba msome hili kabla hamjakodi chombo chochote. Nimelinyamazia miezi minne. Kwanza niliona aibu, halafu nilikuwa bado mikononi mwa watu ninaowaeleza hapa. Juzi kijana mwenzetu aliyehamia hivi karibuni kaniambia kwa furaha kwamba amepata skuta ya kukodi kwa mwezi, tena hawana masharti, wanashika pasipoti tu. Moyo ulinipasuka. Nilimwambia yote siku ileile, na sasa nawaambia na ninyi.

Nchi siitaji. Malalamiko yangu yako kwa wakili na hayajaisha, na isitoshe mchezo wenyewe unaweza kukukuta popote ambapo mwenye duka na askari wa kituo cha karibu wanajuana.

Mwenye duka alikuwa mtu mwema wa kuonekana. Alinikaribisha, akanipa bei ya mwezi iliyokuwa chini kuliko maduka mengine, akanijaribishia kofia ngumu mpaka ikanikaa. Mkataba ulikuwa kurasa mbili kwa lugha ya nchi ile, mimi naijua ya kuombea maji na kuulizia njia tu. Alinisomea kwa mdomo: chombo kikipata ajali bima ipo, kikiibiwa tutaelewana. Akachukua pasipoti yangu halisi, akaifungia kwenye droo. Kabla sijaondoka akaniuliza ninaishi jengo gani na skuta italala wapi, "ili fundi akija kubadilisha oili asihangaike." Nikamwelekeza mpaka nguzo ya maegesho. Swali hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote.

Wiki ya tatu nikashuka asubuhi, nguzo iko, skuta haipo. Nilikuwa nimefunga usukani kama kila siku. Aliyewahi kuona chombo kilichovunjwa kufuli anajua mwizi huacha alama: kipande cha plastiki, vumbi la chuma, mkwaruzo sakafuni pale alipokiburuta. Pale palikuwa pasafi. Ufunguo wangu ulikuwa mfukoni. Aliyeiondoa skuta ile aliiwasha kwa ufunguo akaiendesha akaenda zake, na ufunguo wa pili alikuwa nao mtu mmoja tu.

Lakini asubuhi ile sikuwaza hivyo. Nilimpigia mwenye duka nikiwa natetemeka, namwomba radhi. Hakushtuka wala hakuuliza imeibiwa saa ngapi. Alifika muda mfupi baadaye akiwa na mwanaume aliyevaa kiraia, akamtambulisha kuwa askari. Mimi sikuwa nimewaita polisi. Kitu cha kwanza walichoniomba ni ufunguo, eti utasaidia upelelezi, nikawapa. Ndugu zangu, ufunguo ule ndio ulikuwa ushahidi wangu pekee kwamba sikuuacha kwenye chombo wala sikumpa mtu. Bima za kukodi zinazolipa wizi kwa kawaida zinakutaka urudishe ufunguo, na usipokuwa nao unahesabiwa mzembe. Niliutoa mkononi mwangu kwa hiari, bila maandishi.

Kituoni nilikaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Maelezo ya mwenye duka yaliandikwa, yangu hayakuandikwa. Kila nilipoomba taarifa ya wizi iandikwe kwa jina langu na nipewe namba yake, ile tunayoizoea kama RB au OB, niliambiwa hili ni deni kati ya watu wawili, malizaneni. Kisha wakaniuliza leseni. Nilikuwa na ya nyumbani peke yake, sikuwa na kibali cha kimataifa cha udereva. Hapo sauti zikabadilika. Nikaambiwa naweza kufunguliwa shauri la kuendesha bila leseni halali, na jingine la kupoteza mali ya mtu, na kwamba kazi yangu itajua na uhamiaji watajua. Baada ya kuniacha nijipikie hofu yangu kwa muda mrefu, yule wa kiraia akaja akaketi karibu, kwa upole kabisa. Akasema mwenye mali yuko tayari kusamehe nikilipa thamani ya skuta mpya. Ile niliyokodi ilikuwa imechoka, kiti kimepasuka. Na kituo nacho kipate kitu kidogo cha kufungia faili.

Nikasindikizwa hadi mashine ya kutolea fedha. Nilitoa zaidi ya mshahara wa miezi miwili, na haikutosha. Nikasaini karatasi nisiyoweza kuisoma. Pasipoti haikurudi. Ilibaki kwake "mpaka umalize lililobaki." Stakabadhi sikupewa hata moja.

Usiku ule ndipo nilipoandikia ubalozi, jambo ambalo ningelifanya saa tatu asubuhi lingebadilisha mengi. Nieleze hapa ubalozi unaweza nini, kwa sababu wengi tunausubiria miujiza au tunaudharau kabisa. Hauwezi kukulipia deni, hauwezi kumwamuru polisi wa nchi ya watu, hausimami mahakamani badala yako. Unaweza kupiga simu kituoni na kuuliza raia wetu anashikiliwa kwa kosa gani, na simu hiyo peke yake inamfanya askari mwenye njama aanze kuandika mambo kwa utaratibu. Unaweza kukupa orodha ya mawakili, na unaweza kukutolea hati ya dharura ya kusafiria. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsula, kifungu cha 36, unasema mgeni akikamatwa au kuzuiliwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake, na akiomba, ubalozi ujulishwe. Mimi hakuna aliyeniambia, na sikujua kuomba.

Afisa aliyenipokea alinieleza jambo jingine ambalo sikuwahi kulifikiria: pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, wewe umeshikishwa tu. Mfanyabiashara hana haki ya kuishika kama rehani. Akanishauri niitolee taarifa, ifutwe, niombe mpya. Akanionya vizuri pia, nami nawaonya: ikishatangazwa hivyo inaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, iliyoanza 2002. Hata ukirudishiwa kesho yake usiitumie, utakwamishwa mpakani. Nilikubali. Mwenye duka akabaki na kijitabu kisicho na kazi, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kupumua.

Sasa sikilizeni nilivyojua kwa hakika.

Wiki sita baadaye, jirani wa ghorofa ya juu, naye mgeni, alikuja na skuta aliyokodi duka jingine mtaa wa pili. Nilipita pembeni yake nikasimama. Kiti kimepasuka palepale. Chini ya kikanyagio kulikuwa na alama ya kuchomelea niliyokuwa naikwangua na kiatu kila nikiegesha. Rangi ya mbele mpya, namba ya usajili nyingine. Nikamwomba ruhusa, tukainama na tochi, tukapiga picha namba ya chesisi. Nikaenda kuchukua mkataba wangu. Tarakimu zote zilikuwa zilezile. Jirani naye alikuwa ameacha pasipoti yake halisi, na naye alikuwa ameulizwa skuta italala wapi. Jioni ileile alikwenda na fedha taslimu kuweka kama amana, akadai kitabu chake, akakipata baada ya mabishano, skuta akaiacha hapohapo.

Kwa hiyo chombo hakiibiwi. Kinachukuliwa na mwenyewe kwa ufunguo wa akiba, kinapakwa rangi, kinarudi kazini. Biashara yao ni kukuuzia wewe skuta ileile kila mara bila kukupa. Pasipoti ndiyo kamba: bila hiyo ungelipia tiketi ukaondoka. Na askari kazi yake ni kuhakikisha taarifa ya wizi haiandikwi, kwa sababu ikiandikwa, namba ya chesisi inaingia kwenye kumbukumbu za serikali na chombo hicho hakiwezi kukodishwa tena kirahisi. Ndiyo maana wanakataa kwa nguvu kitu kinachoonekana kidogo. Nilipolielewa hili nililia, kwa sababu nilikuwa nimehangaika na bei wakati nilipaswa kuhangaikia karatasi moja.

Ninachowaomba ni hiki. Pasipoti halisi isitoke mkononi. Toa nakala, toa amana ya fedha iliyoandikiwa stakabadhi, au waache washikilie kiasi kwenye kadi yako ya benki. Duka likikataa vyote hivyo, toka, hata kama bei yao inakushawishi. Piga picha namba ya chesisi na ya injini mbele ya mwenye duka, usione haya, kwa sababu namba ya usajili inabadilishwa kwa bisibisi. Nunua kufuli yako mwenyewe, ya diski au ya mnyororo, ambayo yeye hana ufunguo wake. Hii peke yake ingeniokoa. Ukiweza, ficha kifaa kidogo cha kufuatilia ndani ya kiti. Usimwonyeshe unapoegesha usiku.

Mkataba upigwe picha na usomwe na mtu anayeijua lugha, na uulize bima kwa jina lake. Nilipoambiwa bima ipo niliamini ni bima kubwa. Ilikuwa ndogo, ile inayomlipa mtu uliyemgonga, wizi haimo. Hata bima inayolipa wizi mara nyingi ina kiasi cha kwanza unachobeba wewe, kitake kwa maandishi. Na leseni, tafadhali. Kibali cha kimataifa kinatolewa nyumbani kabla hujasafiri, chini ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949 kinadumu mwaka mmoja, chini ya ule wa Vienna wa 1968 kinaweza kufika miaka mitatu, na nchi haitambui lazima vyote viwili, kwa hiyo uliza unakokwenda. Ukishakuwa mkazi, nchi nyingi zinakutaka uchukue leseni ya kwao. Bila leseni halali bima inaweza kukukana, na askari mbaya anapata mlango wa kukuingilia. Mimi nilimfungulia.

Ikishatokea, usimpigie mwenye duka kwanza. Piga picha mahali pale, picha ya ufunguo ukiwa mkononi, uliza walinzi na kamera za jengo, kisha wapigie polisi mwenyewe kwa namba ya dharura ya nchi, halafu ubalozi, halafu ndipo mwenye duka. Ufunguo usiutoe bila maandishi yenye sahihi. Kituoni nenda na mwenyeji au mwenzako wa kazi. Askari wanaokula njama hawapendi shahidi. Kataa kusaini usichoweza kukisoma, omba mkalimani mara kumi kama ni lazima. Kituo kikikataa kuandika, nenda kituo kingine au makao makuu ya wilaya, na kama kuna polisi wa watalii, kwao. Usirekodi video bila kujua sheria ya pale, nchi nyingine ni kosa. Andika majina, namba za vyeo, saa.

Ukiombwa kitu kidogo, jibu kwa adabu: nipo tayari kulipa faini yoyote ya kisheria, naomba stakabadhi ya serikali. Rudia hilohilo bila kupandisha sauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa 2003 unazitaka nchi wanachama zimhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, na mgeni ndiye rahisi kukamatwa. Hata hivyo simlaumu aliyelipa akiwa amefungiwa chumbani peke yake. Nililipa. Toka salama kwanza, kisha andika kila kitu usiku huohuo na upeleke kwa wakili na kwa ofisi ya malalamiko dhidi ya polisi, kama ninavyofanya sasa.

Wa magari msidhani hili haliwahusu. Kwenu hatari huja pia kwa upande wa pili, wa kuripotiwa kuwa wewe ndiye mwizi. Desemba 2022 kampuni ya Hertz ya Marekani ilikubali kulipa takriban dola milioni 168 kumaliza madai 364, mengi ya watu waliosema waliripotiwa polisi kimakosa kuwa wameiba magari waliyoyakodi. Kama kampuni kubwa hivyo ilifikishwa hapo, fikiria duka la mtu mmoja mwenye rafiki kituoni. Ukiongeza siku, usiongeze kwa simu tupu, pata ujumbe wa maandishi wenye tarehe mpya. Ukirudisha gari, piga picha likiwa kwao, saa ikionekana.

Na kama unasoma hapa huku pasipoti yako iko kwenye droo ya mtu, nenda leo mchana wakati duka lina wateja wengine. Beba amana, beba mwenzako, sema unaihitaji benki au uhamiaji. Ukiipata, rudisha na skuta.