Keycloak: kuingia rahisi, kutoka je?

Haya wadau karibuni tena, leo tunaichambua Keycloak, ile programu ya kumfanya mfanyakazi aingie mara moja tu halafu mifumo yote ya ofisi imtambue, wa likizo, wa mishahara, wa tiketi za IT, badala ya kila mfumo kuwa na paswadi yake ambayo mwisho wa siku mtu anaibandika kwenye skrini. Ni ya bure, msimbo wake (source code) uko wazi kwa yeyote, ilianzia kwa watu wa kampuni ya Red Hat mwaka 2014 na tangu 2023 iko chini ya CNCF, taasisi inayolea miradi ya programu huria, kwa hiyo sio kamradi ka mtu mmoja katakakopotea kesho.

Kuiwasha sitawachosha. Unaandika amri ya start-dev inaamka kwenye poti 8080 unaanza kubonyezabonyeza. Shida ni kwamba watu wanaiacha hivyohivyo wanaingiza ofisi nzima, jamani start-dev ni ya kujaribia! Data inakaa kwenye kadatabesi kadogo ka ndani, haikulazimishi kutumia HTTPS, na kama uko kwenye Docker, inayoendesha programu ndani ya kiboksi chake yaani kontena, ukafuta kontena bila kuweka voliumu (sehemu ya kutunza data nje ya kontena) basi na akaunti za watu ndio zimekwenda hivyo. Kazi ya kweli tumia amri ya start, weka databesi ya PostgreSQL, weka cheti cha HTTPS, weka bakapu, maana hii ikilala hakuna anayeingia popote. Na wafanyakazi usiwaweke kwenye Realm (yaani kundi la watumiaji na setingi zao) ya master, hiyo ni ya kusimamia Keycloak yenyewe, tengeneza yako.

Kama watu wako tayari wako Active Directory, ile orodha ya akaunti za ofisi ya Microsoft, Keycloak inawasoma kutoka hukohuko kupitia LDAP, lugha ya kusomea orodha kama hizo, hapo naipa maksi zote.

Sasa kuunganisha mifumo. Una njia mbili za mfumo kuongea na Keycloak, OpenID Connect na SAML, na kama mfumo wako unakubali zote we chukua OpenID Connect. SAML 2.0 ni ya 2005, bado inapiga kazi, ila kuhangaika na XML na vyeti vinavyoisha muda kimyakimya, aah. Cha kwanza kitakachokugomea nakwambia mapema ni redirect_uri, yaani anwani mtu anayorudishwa akishaingia, anwani uliyosajili lazima ifanane na ile mfumo unayotuma, umeandika http kule ni https imegoma, umezidisha mkwaju (/) mwishoni imegoma, halafu mtu akichoka anaweka nyota (*) ikubali anwani yoyote. Usiweke nyota! Hapo umemruhusu mtu mbaya aelekeze majibu ya kuingia kwenye saiti yake.

Lakini mimi uchambuzi wangu hauko kwenye kuingia, kuingia kila mtu anakuonyesha kwenye demo, mimi naangalia kutoka. Fungua mifumo miwili kwenye brauza moja, logauti kwenye wa kwanza, nenda wa pili upakie upya ukurasa. Mara nyingi bado umo! Kwa nini, kwa sababu mfumo ukishampokea mtu unampa kuki yake wenyewe, alama inayokaa kwenye brauza kuonyesha kwamba ameshaingia, na hauulizi tena Keycloak mpaka hiyo kuki iishe. Kwa hiyo umemwachisha mtu kazi asubuhi, akaunti umezima na kumlogauti kwenye Keycloak, access token (tiketi za muda ambazo Keycloak inatoa mtu akiingia) kwa setingi za kawaida ni dakika 5 tu, unajiona umemaliza, kumbe kwenye mfumo wa mishahara kuki ni ya wiki nzima na jamaa bado anatembea humo. Dawa yake ipo, inaitwa backchannel logout, Keycloak inaipelekea taarifa seva ya mfumo moja kwa moja kwamba huyu katoka, ila mfumo wenyewe lazima uwe unaielewa, na mingi haielewi, hiyo sio kosa la Keycloak. Ndio maana kabla hujanunua mfumo wowote muulize muuzaji hilo swali, na kama hana jibu mwambie basi kuki iwe fupi.

Nani aichukue? Ofisi yenye mtu wa kufanya apdeti na kuamka usiku ikidondoka. Kama huyo mtu hamna, lipeni Okta au Microsoft Entra ID, huduma za kulipia za kazi hiihii, wawabebee huo mzigo, sioni aibu kusema hivyo. Na vyovyote utakavyochagua, kwenye kila mfumo bakiza akaunti moja ya admini isiyopitia huku, paswadi ndefu, ifungiwe mahali salama, siku Keycloak imegoma utaingilia hapo.