TAHADHARI: Nta ya rangi ya makopo inayouzwa mtandaoni

Mafundi wenzangu, na nyote mnaotengeneza fremu za picha nyumbani, naomba mnisome kabla hamjatuma hela.

Mwezi uliopita niliagiza makopo manne ya nta ya rangi, ile ya kupaka na kung'arisha mbao: mawili ya kahawia, moja jeupe, moja la bluu. Kopo shilingi 18,000, unalipa kwanza, mzigo unakuja na basi. Muuzaji alisema ni nta ya nyuki ya Tabora, na kwa sifa ya Tabora kwa asali na nta, sikuuliza zaidi. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa halikuwa la duka. Nililiona, nikalipa.

Nilipaka fremu 11 za mninga na paini. Siku ya kwanza zilipendeza kweli, ile nyeupe ilijaa kwenye vitundu vya mninga. Wiki ikapita, bado zinanata. Nta nzuri ukiipaka nyembamba, ikalala usiku mmoja, ukaisugua kwa kitambaa, inang'aa na haiachi kitu mkononi. Hii ililegea kila jua lilipoingia karakana. Fremu moja nilishaikabidhi, ina picha ya marehemu baba wa mteja, na nakala nyingine hana. Kahawia ilichuruzika mpaka kwenye kadibodi nyeupe inayozunguka picha, ikabaki upana wa ukucha ifike usoni mwa mzee. Picha imepona, lakini usiku ule sikulala.

Nikakwangua kopo mpaka chini. Vipande vyeupe kama vya mshumaa, na harufu kali ya mafuta ya taa. Nta ya nyuki ukiifinya vidoleni inalainika na kushikana, inanukia asali. Vipande hivi vilimeguka tu. Ile ya bluu nayo, kwenye fremu iliyokaa dirishani, imeshapauka.

Nilipomwandikia muuzaji, aliniblock. Ukurasa umebadilishwa jina, picha za makopo ni zilezile. RB (namba ya taarifa) nimechukua polisi, na namba yake ya simu nimeiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Kama unanunua popote, omba kufunguliwa kopo na kunusa kabla ya kulipa. Kisha paka kwenye kipande cha mbao kilichobaki, kiweke juani siku mbili, pitisha kitambaa cheupe.

Mlioshaipaka, msipige vanishi juu yake, haitashika. Futeni kwa tapentaini, mbali na moto, mkibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, kisha msasa laini. Mninga wangu ulisafika kwa mara ya tatu. Paini ilishakunywa rangi. Fremu nne nimezitupa.

Kopo lenyewe ni la bati, mfuniko wa rangi ya dhahabu, lebo ina picha ya nyuki. Ikwangueni kwa ukucha pembeni: chini yake kuna lebo nyingine.