Mchanga wa tangi la samaki wa maji baridi: upi ununue, upi uuache dukani

Mtazame Corydoras, samaki mdogo mwenye sharubu anayekula chini ya tangi, akiwa na njaa juu ya mchanga laini. Anazamisha uso mpaka karibu na macho, anachota mchanga kinywani, anabakiza chakula na mchanga unamtoka kwenye matamvua kama unga kwenye chekeche. Mweke huyohuyo juu ya changarawe, hawezi. Anabaki kupapasa mawe kwa sharubu huku chakula kikipenya chini asikokifikia na kuozea hukohuko. Kwa ajili yake, na samaki wengine wanaoishi kwa kuchimba, nimeupanga mchanga kwa kuangalia kwanza ukubwa na umbo la chembe, kisha kama unabadilisha maji. Rangi inakuja mwisho.

1. Mchanga wa filta za mabwawa ya kuogelea. Kwa matangi mengi huu ndio ninaoupendekeza, na sababu inatokana na kazi uliyotengenezewa. Ili maji ya bwawa yapite bila kuziba, ni lazima uchekechwe mpaka chembe zilingane, nyingi zikiwa kati ya milimita 0.4 na 0.8 hivi. Kwa tangi, huo ni ukubwa mzuri sana: unatulia haraka ukitibuliwa, haugandamani upesi, na kinyesi cha samaki kinakaa juu yake unapoweza kukinyonya kwa mpira. Vumbi lake ni kidogo, hivyo kuuosha hakuchoshi. Ni silika, kwa hiyo haugusi pH (kipimo cha uasidi wa maji) wala ugumu wa maji. Kwa kuwa huuzwa kwa mifuko mikubwa, kwa kawaida kilo yake ni nafuu kuliko ya mchanga wa duka la samaki. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kulipa, maana kwenye rafu hiyohiyo hukaa vioo vilivyosagwa na zeolaiti, ambavyo pia hutumika kwenye filta za mabwawa. Hivyo sivyo unavyotafuta.

2. Mchanga wa asili uliofungashwa kwa ajili ya matangi. Ukiwa na tangi dogo, chukua huu bila kusita. Mfuko mmoja unatosha na chembe zake kwa kawaida ni za mviringo. Kwa tangi kubwa gharama inapanda, ndiyo maana haukuwa wa kwanza. Epuka mifuko ya mchanga ulio na unyevu inayotangazwa kuwa ina bakteria hai kwa ajili ya maji ya bahari.

3. Mchanga wa kuchezea watoto. Una sura ya chini ya mto kuliko wote, na Pangio, wale wembamba kama nyungunyungu, hujizika ndani yake kwa raha. Tatizo ni chembe zake zilizochanganyika, kubwa na zilizo laini kama unga. Utaosha ndoo baada ya ndoo, na usipoosha vya kutosha tangi litakuwa kama chai ya maziwa kwa siku kadhaa. Pia hugandamana, kwa hiyo usiuweke kwa kina kirefu.

4. Mchanga wa matumbawe. Nafasi yake inategemea samaki wako. Umejaa kalisiamu kaboneti inayoyeyuka polepole, ikiongeza ugumu wa maji na kupandisha pH. Kwa siklidi wa ziwa Malawi (Nyasa) na Tanganyika hiyo ni neema, na kwao ningeuweka namba moja. Kwa neoni na samaki wengine wa maji laini ya Amazoni, usiununue hata ukipewa bei nzuri.

5. Mchanga mweusi wa kusugulia chuma. Unapendeza, nakiri. Juu ya weusi rangi za samaki hukolea, ilhali juu ya mchanga mweupe wengi hufifia. Lakini umetokana na mabaki ya makaa ya mawe yaliyoyeyuka na kupasuka kama kioo, na chembe zake zina ncha. Niliwahi kuuweka chini ya Corydoras, na baada ya miezi michache sharubu zao zilikuwa zimefupika. Uchafu wa chini nao hula sharubu, kwa hiyo siulaumu mchanga peke yake, ila niliuondoa na sitaurudisha. Kwenye tangi la mimea na samaki wa juu tu hauna ubaya.

Mchanga wa ujenzi na wa ufukweni siupi namba. Wa kwanza huja na udongo na wakati mwingine chokaa. Wa pili una chumvi na vipande vya makombe.

Ukiwa na shaka na mchanga wowote, weka kijiko kimoja kikavu kwenye bilauri na umwagie siki. Ukitoa mapovu, una kaboneti na utabadilisha maji yako.

Kiasi cha kununua kinapigiwa hesabu. Zidisha urefu na upana wa tangi na kina cha mchanga, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha zidisha kwa 1.5 upate kilo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 lenye mchanga wa sentimita 4 linahitaji lita 7.2, yaani kilo 11 hivi. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Mchanga wa kina kirefu usiotibuliwa hukosa oksijeni chini na huweza kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Konokono wa Melanoides, wanaojichimbia mchangani, hukusaidia kuulima. Kama unapanda Cryptocoryne au Echinodorus, nunua pia vidonge vya mbolea vya kuzika karibu na mizizi, kwa sababu mchanga wenyewe hauna chakula.

Mawe mazito yakae juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo mchanga uyazunguke, la sivyo samaki wachimbaji watayaangusha. Weka sahani juu ya mchanga na umimine maji juu yake taratibu. Filta uiwashe vumbi likishatulia, na mdomo wake wa kunyonyea uwe juu ya mchanga kwa sentimita kadhaa, maana chembe zikiingia hukwaruza pampu.