Prudential ya Uingereza: Bima Iliyouzwa Mlangoni

Wanaoisifu Prudential, kampuni ya bima ya maisha ya Uingereza, huanza na jengo lake la Holborn Bars jijini London, lile jekundu lililobuniwa na Alfred Waterhouse, lakini kwa maoni yangu huduma yenyewe ipimwe kwa kazi ya mawakala wake. Kampuni ilipoanzishwa mwaka 1848 katika mtaa wa Hatton Garden, iliwalenga watu wenye nafasi, na biashara ikasuasua. Mwaka 1854 ikageukia familia za wafanyakazi, ambazo hofu yao kubwa ilikuwa kufiwa bila akiba na kumzika marehemu kwa fedha za umma, kama fukara. Kila wiki wakala alipiga hodi, akapokea peni moja au zaidi, akaiandika kwenye kitabu kidogo kilichobaki kwa mteja, kisha akaenda kwa jirani.

Huduma hiyo ilikuwa ghali mno. Kukusanya sarafu nyumba kwa nyumba kulimeza sehemu kubwa ya michango, na aliyeachishwa kazi akashindwa kulipa kwa muda aliweza kupoteza bima pamoja na yote aliyokwisha kuchanga. Hapo siitetei kampuni hata kidogo. Hata hivyo, serikali ilipoamua kuuza bima ndogondogo kupitia posta, kwa sheria ya mwaka 1864 iliyosukumwa na William Gladstone, waziri wa fedha wa wakati huo, wateja walikuwa haba, kwani karani wa posta hakumfuata mtu nyumbani. Anayelipwa kwa wiki alihitaji mtu wa kumfikia kabla mshahara haujaisha, na Henry Harben, katibu wa Prudential, alilielewa hilo kuliko mawaziri.

Mwaka 1995 kampuni iliacha kuuza bima mpya za kukusanyiwa mlangoni, na tangu hapo macho yake yamezidi kuelekea ng'ambo, hasa Asia. Mwaka 2019 ilijitenga na kampuni yake tanzu ya M&G, ambayo ilichukua biashara ya Uingereza pamoja na wateja wake, na leo Prudential yenyewe inahudumia Asia na Afrika. Mgawanyo huo una mantiki ya kibiashara, ila unamchanganya mteja, kwa sababu jina la Prudential bado linatumika Uingereza chini ya M&G, na Prudential ya Marekani ni kampuni nyingine kabisa. Mwenye hati ya zamani iliyotolewa Uingereza na aanze kuulizia M&G.