Hema la watu wawili lenye matabaka mawili, mi nalipa nyota nne

Jamani kama unatafuta hema la kulala nje usiangalie rangi, angalia kama lina matabaka mawili, yani ndani neti juu turubai la mvua. Langu ni la hivo na silibadilishi. Siri ni ile nafasi ya katikati, maana mtu akilala anatoa unyevu kwa pumzi usiku kucha, ukigusa kitambaa cha baridi unageuka matone, sasa kwenye hili matone yanateremkia upande wa ndani wa turubai mpaka chini na we ndani unaamka mkavu. Ila lazima uvute kamba za pembeni turubai lisiguse neti, na vidirisha vya juu uviache wazi hata mvua ikinyesha, watu wanafunga kila kitu afu wanasema hema linavuja!

Sakafu imeandikwa milimita 3000, maana yake kitambaa kinahimili safu ya maji ya mita 3 kabla hayajapenya, na kweli mvua imepiga haijaingia hata tone.

Zipu ndo sijaipenda kabisa, inang'ata kitambaa pale kwenye kona, ukitaka kutoka usiku gizani unahangaika. Watu wawili mnaenea ila mabegi hayana pa kukaa.

Alafu halina kigodoro, tafuta chako, tena kinene, maana ardhi inanyonya joto la mwili vibaya mno na blanketi la juu peke yake halisaidii kitu.